Taa ya Mama Mukwe

Kolwezi, Jumapili, 4 Oktoba 1981

Mvua ya kwanza imenyesha leo, kidogo tu, kama mtu anayetema mate akipita. Nimeanza kuandika kwa sababu kazi ninayoifanya msimu huu hakuna aliyeifanya hapa Kolwezi, labda katika mkoa mzima wa Shaba, na siku watu watakapotaka kujua ilianza namna gani, wasimuulize rafiki yangu Kabeya. Kabeya ataongeza.

Mi ni Kalala, mtengeneza redio. Zamani nilikuwa Polycarpe pia, kabla majina ya ubatizo hayajakatazwa. Mapadri walinifundisha Kiswahili cha kuandika mpaka darasa la sita, wakachoka wao, si mimi. Kilichobaki nilisomea safarini: Ndola, Kitwe, na gari moshi mpaka Dilolo, ambako nilimtengenezea redio Mreno mmoja, akasikia sauti ya kwao, akalia begani kwangu mpaka shati likalowa. Ndiyo maana sijidharau.

Kazi yenyewe ni hii. Mama mukwe wangu, Mama Mianda, hasikii. Homa na kwinini vilimwibia masikio zamani. Anakaa peke yake kule chini, karibu na mufereji mukubwa, katika nyumba ya matofali mabichi. Msimu wa mvua uliopita maji ya mufereji yalimwingilia jirani yake, Tata Mbayo, akiwa amelala. Watu walipiga kelele, wakapiga masufuria, lakini mzee alikuwa mzito wa kuamka na ukuta ukamwangukia. Mama Mianda hakusikia kitu. Aliamka asubuhi, akafungua mlango, akakuta watu wanalia.

Kuhamia kwetu hawezi. Sisi watu wa Kasai tuna bukwe: mtu na mama mukwe wake hawalali chini ya bati moja, hawali pamoja, hawaangaliani usoni. Nikikutana naye njiani ninaingia majanini kama mwizi wa kuku, naye anajifunika kitambaa. Tangu nimwoe Ndaya sijaona ndani ya chumba cha mama yake. Mtoto wa kumtuma akalale kwa nkambo, bibi yake, Mungu hajatupa bado. Ndaya mwenyewe akienda kulala kule, mama anamrudisha kwa mikono miwili: mke wa mtu alale kwa mume wake.

Kwa hiyo nimeamua. Itakuwepo taa, na taa ndiyo itakayosikia.

11 Oktoba

Kabeya amerudi na lori lake kutoka Kitwe, ameniletea nilichomtuma. Huyu Kabeya ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Yeye ndiye aliyepeleka maneno yangu na mbuzi zangu kwa akina Ndaya, na mpaka leo nikiwa na neno kwa mama mukwe, linapita kinywani mwake. Bila yeye ningekuwa bado ninapika bukari, ugali wetu, mwenyewe.

Ametoa soksi mfukoni, na ndani ya soksi vidudu viwili vyeusi vya umeme, kila kimoja na miguu minane. Mgongoni vimeandikwa 555.

"Ndugu," akasema, "mi nilifikiri utaniagiza kintu. Hii iko kama kiroboto."

"Hicho kiroboto kinajua kuhesabu wakati kuliko saa ya stesheni."

"Saa ya stesheni ilisimama."

"Ndiyo nasema."

Ameniuliza kitafanyaje, nikamweleza, na hapa naandika vilevile. Nyaya mbili za shaba zinakaa ukingoni mwa mufereji, hazigusani. Maji yakipanda yakazigusa zote mbili, umeme kidogo unapita majini, unamwambia mdudu: amka. Mdudu akiamka anawasha taa, anazima, anawasha, anazima, mfululizo. Taa inayowaka tu mtu anaweza kulala nayo. Inayopepesa usoni haikubali usingizi. Betri ni ile ya zamani ya lori la Kabeya, ambayo haiwezi tena kuwasha lori lakini taa inaiweza.

"Na itaamusha muntu kweli?"

"Hata weye ku misa ya asubuhi itakuamusha."

Amecheka. Hakudai hata bia.

17 Oktoba

Leo nimeunga kila kitu. Sudire, risasi ya kuungia nyaya, ilikataa kushika kwenye nyaya za zamani, ikawa inateleza kama jicho la samaki. Wengine wangekata tamaa. Mi nilikwenda kwa mafundi wanaoziba mabeseni sokoni, nikaomba asidi yao kwenye kichupa. Tone moja tu, na sudire ikashika shaba kama mchuuzi anavyomshika mteja mkono. Kila mguu wa mdudu unang'aa. Fundi wa Ulaya angeona angeficha mikono yake.

18 Oktoba

Ndaya amepeleka taa. Mi nilisimama nje, barabarani, mgongo kwa nyumba, nikimwelekeza mke wangu kwa sauti kupitia dirishani. Wapita njia waliona mtu anapigia kelele muhogo wa jirani.

"Misumari juu ya kichwa cha kitanda. Umepigilia?"

"Nimepigilia."

"Sasa mwaga maji kwenye nyaya za nje."

Ndaya akamwaga. Nilisikia anacheka ndani. Aliniambia baadaye: taa ilipepesa, mama akakaa kitandani, akaangalia, kisha akainua mkono, akafumba ngumi, akafumbua, akafumba, akafumbua. Hilo ndilo jina la taa sasa katika lugha yake ya mikono.

Nimetembea nyumbani kama mtu aliyevishwa nishani.

25 Oktoba

Jua. Hakuna habari.

1 Novemba

Taa imepepesa na maji hayakuwepo. Mama alitoka nje mbio, akasimama chini ya mbingu kavu. Nimesema ni betri.

4 Novemba

Tena. Ndaya ameniletea kisanduku cha mdudu. Nimekiweka mezani, karibu na mbabula, jiko la mkaa, nilipokuwa nachoma mahindi. Nimekipima saa nyingi. Nyaya zikiwa kavu, kimya. Nikizitia katika kikombe cha maji, kinapepesa. Nikizitoa, kimya. Hakina ugonjwa. Nimemwambia Ndaya labda panya alikojoa kwenye nyaya. Amerudisha.

5 Novemba

Panya wangu amekojoa tena.

12 Novemba

Mvua kila siku sasa. Barabara ya mgodi wa Mashamba ni tope tupu, malori yanalala njiani. Kisanduku kimekuja kwangu na kurudi mara nyingi hata majirani wanamuuliza Ndaya kama anafundisha sanduku kutembea. Kikiwa kwangu ni mtakatifu. Kikifika kule ni kichaa.

Kama ningeweza kuingia chumba kile hata kwa muda wa kuvuta sigara moja, ningejua. Daktari anayetibu mgonjwa kwa kuletewa shati lake atapata nini?

Nimebadilisha mdudu, nikaweka yule wa pili.

15 Novemba

Yule wa pili ni kichaa vilevile. Basi nimejua. Wote wawili ni wabovu, mapacha wa tumbo moja. Kabeya ameuziwa takataka.

22 Novemba, Jumapili

Siku mbaya. Naiandika yote.

Baada ya misa tulikaa kwa Mama Ernestine, anayeuza pombe nyuma ya soko. Watu walikuwa wengi. Mmoja akaniuliza, "Kalala, taa ya mukwe inaendelea kuona mizimu?" Wakacheka. Mi nimezoea kuchekesha, sijazoea kuchekwa. Nikasema kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba kazi yangu haina kosa. Ila nilimtuma mtu Kitwe na hela yangu, na yeye ama haoni, ama aliniletea vya bure vya jaani, tofauti akainywa.

Kabeya alikuwa pale. Alishusha glasi yake pole pole.

"Bile bidudu nilibibeba mu soksi, mu kiatu, nikapita nabyo ku mupaka, sawa dawa ya mutoto yangu," akasema. "Ju ya mama yako mukwe. Na weye unaniita mwizi mbele ya bantu?"

"Sikusema mwizi."

"Haukusema. Ulionyesha na kidole."

Akainuka, akaenda. Mama Ernestine akaondoa glasi ya Kabeya, akaipangusa na kuiweka kando, kama glasi ya mtu aliyesafiri.

23 Novemba

Kabeya hakupita hapa.

30 Novemba

Hakupita.

3 Desemba

Ndaya amerudi kutoka kule na uso uliofungwa. Alikaa bila kuvua viatu.

"Kalala. Mama ameanguka."

"Wapi?"

"Inje, mu matope. Taa ilipepesa, akakimbia. Mukono yake imevimba, hawezi kushika mwiko. Na mayi haikukuwako. Ku mufereji mayi iko chini kabisa."

Sikuwa na neno la kuchekesha. Nilitafuta, halikuwepo.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Unajua hawezi kusema kintu ju yako. Weye ni mukwe. Alifunika taa na kitambaa, akalala."

6 Desemba

Mama Mianda amerudisha taa. Hakuirudisha tupu: ameifunga ndani ya kitenge kipya, kwa maana zawadi ya mukwe hairudishwi uchi. Ndaya amekiweka mezani, akaenda kupika. Kitenge kizuri, cha majani na ndege. Nimekaa nacho mapajani. Tusi ningelivumilia.

Na mvua ya Januari bado haijaja, nayo ndiyo iliyomchukua Tata Mbayo.

7 Desemba

Nimefikiri bila kujisifu, kazi ngumu kwangu. Nimemwomba Ndaya anieleze chumba cha mama yake, kila kitu, kama kwa kipofu.

"Kitanda. Sanduku. Mbabula iko ndani wakati ya mvula, kwa sababu jiko ya inje ilianguka. Anachemusha mayi, anapika bukari mule mule. Kuta zinatoka jasho."

"Na taa inaanza wakati gani? Mvua ikinyesha?"

Alifikiri. "Hapana. Mbele. Wakati hewa inakuwa nzito tu. Ao wakati chungu inachemuka."

Mwezi mzima nilikuwa nakipima kisanduku mezani kwangu, karibu na moto wa mahindi, penye ukavu kama mfupa. Nilikuwa nakikausha, halafu nakisifu.

8 Desemba

Nimeweka chungu cha maji motoni, na juu yake nikaning'iniza kisanduku, wazi, nyaya zake za mferejini kavu kabisa, mbali na mvuke. Maji yakachemka. Mvuke ukapanda. Taa ikaanza kupepesa, hapa, nyumbani kwangu, mbele ya macho yangu. Ningefurahi kama mwindaji, lakini nilikumbuka mkono uliovimba.

Kisha nikamtoa mdudu yule yule, mmoja wa wale wa Kabeya. Nikampanga juu ya kipande cha katoni, nyaya nimezisokota kwa vidole tu, bila sudire, bila kitu. Nikamning'iniza juu ya chungu kile kile. Mvuke ukamlowesha mpaka akatoa matone. Kimya. Nikagusa maji kwa nyaya, akapepesa. Nikazitoa, kimya.

Mdudu ni mzima. Wote wawili ni wazima. Walikuwa wazima tangu ndani ya soksi.

Nilirudi kwenye kazi yangu iliyong'aa, nikaikwangua kwa kisu. Chini ya miguu ya mdudu, kati ya kila mguu na mwenzake, kulikuwa na ukungu wa kijani. Kijani hicho sisi wa hapa tunakijua kabla ya kujua kusoma. Ni shaba inayoliwa. Kule kiwandani wanamwaga asidi juu ya mawe ili iyale na shaba itoke, kila mtoto wa Kolwezi anajua. Na mi, mtu wa Ndola na Dilolo, nimepaka asidi kwenye nyaya za shaba, nikazifunga kwenye chumba cha jasho, nikamshtaki mwenzangu.

Asidi iliyobaki inavuta unyevu kama chumvi. Unyevu unatengeneza njia kati ya miguu, na umeme unapita pale kama unavyopita mferejini. Mdudu akaambiwa maji yamefika, akaamka. Hakudanganya hata siku moja. Maji yalikuwepo kweli, ila yalikuwa miguuni pake.

9 Desemba

Nimekwenda kwa Kabeya. Alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. Niliongea na miguu.

Nikaieleza yote: chungu, mvuke, kijani. Nikasema, "Nilisema uongo mbele ya watu. Jumapili nitasema ukweli mbele ya watu wale wale."

"Kwa Mama Ernestine?"

"Pale pale."

"Wakati bantu bamejaa?"

"Wakijaa mpaka mlangoni."

Halafu mkono mweusi wa mafuta ukatoka chini ya lori. "Nipatie ufunguo ya kumi na tatu."

Nikampa spana.

13 Desemba

Nimesema. Nilisimama, nikasema bila mzaha, na ilikuwa ngumu kwa sababu watu walikuwa wanangoja mzaha na kucheka kabla haujafika. Walipoona haufiki, wakanyamaza. Mama Ernestine akaleta glasi mbili.

Kabeya amenipa waya wa sudire kutoka Zambia wenye utomvu ndani yake, usiohitaji asidi. Alikuwa nao siku zote. Sikuwahi kumuuliza.

20 Desemba

Nimeunga upya, kila waya mpya. Nyaya zilizobaki nimeziosha kwa lutuku, pombe kali inayoweza kusafisha hata dhamiri. Siku tatu kazi hii imening'inia juu ya chungu. Kimya.

Lakini mama haitaki. Ndaya amempelekea, mama akatikisa kichwa, akaonyesha mkono wake. Nitamwambiaje? Hasikii, na hata angesikia, maneno yangu yamekwisha kumwangusha mara moja.

2 Januari 1982

Maji ya mufereji yamefika nusu.

4 Januari

Nimemwita Kabeya, mshenga wangu, nikampa ujumbe na mbuzi. Desturi inasema nisilale na mama mukwe chini ya bati moja. Haisemi tusibadilishane mabati. Yeye aje kulala kwangu na binti yake. Mi nitalala kwake, chini ya taa yangu. Kitanda chake kitolewe kwanza, na sanduku, na kila kitu chake, chumba kibaki kuta tu, nisione cha kunipa haya. Mbuzi ni wa kufunika haya itakayobaki.

"Muntu anasifu dawa yake," Kabeya akasema, "lakini sijaona mwenye kulala mu kitanda ya mugonjwa."

"Ukuta ukiniangukia utasema nilikuwa mrefu."

"Nitasema ulikuwa mubishi." Akavuta kamba ya mbuzi, akaenda.

6 Januari

Amekubali. Alichukua muda mrefu kumwangalia mbuzi, Kabeya anasema, kisha akaanza kukunja shuka zake.

Niliingia chumba kile leo kwa mara ya kwanza, nikiwa na kitanda changu na taa. Ni kidogo. Ukutani kuna alama ya maji ya zamani, juu ya goti langu. Kumbe miaka yote hii alikuwa analala na alama hiyo usoni.

Januari, siku nyingi

Mvua. Jasho la kuta. Taa kimya. Nimelala kama mtoto na nimelala kama mwizi, kwa zamu.

9 Februari

Naandika kwangu, uwanjani.

Jogoo walikuwa wameanza kuwika. Hapakuwa na mvua hata tone juu ya bati. Mvua ilinyesha mbali, upande wa Mashamba, na sisi huku chini tulikuwa na mbingu ya nyota. Mi nina masikio ya kusikia redio iliyozimwa, na sikusikia chochote. Maji yalikuja bila kusema.

Kilichoniamsha ni mwanga. Unakuja, unakwenda, unakuja, unakwenda, ndani ya kope zangu. Nilidhani ni kichaa kile cha zamani. Nilikaa, nikashusha mguu, na mguu ukaingia majini.

Nikang'oa kisanduku na taa ukutani, nikabeba betri kifuani. Nyaya zilipokatika kutoka mferejini, taa ikazima. Nikasukuma mlango, nikapiga kelele kwa majirani, wakatoka, wote, na watoto. Tulikuwa njiani tukipanda tuliposikia nyuma yetu sauti ya matofali mabichi yakikaa chini, laini, kama mtu mzito anayeketi. Kilikuwa kile chumba.

Nilifika kwangu nimelowa mpaka kiunoni. Mlango ulikuwa wazi. Mama Mianda alikuwa amesimama kizingitini. Nilitafuta majani ya kujificha, lakini uwanja wangu hauna majani. Ndaya alifagia jana. Nikainamisha kichwa, nikangoja ajifunike.

Hakujifunika. Nilipoinua macho alikuwa ananiangalia usoni, mama mzee, na macho ya Ndaya. Akainua mkono wake ule, ambao haujanyooka vizuri. Akafumba ngumi, akafumbua. Akangoja.

Mikono yangu ilikuwa na betri. Nikaiweka chini, matopeni. Nikafumba ngumi, nikafumbua. Nikafumba, nikafumbua.

Ndipo akavuta kitambaa usoni, akaingia ndani, na mi nikageukia barabara.

10 Februari

Nimelala kwa Kabeya. Anakoroma. Nimemwambia, amekataa kuamini.

14 Machi

Nyumba ya mama imefika kwenye madirisha. Tunaijenga nyuma ya kwangu, juu, matofali ya kuchoma, bati lake mwenyewe, mlango wake unaangalia upande mwingine. Bukwe imetosheka. Kabeya analeta mchanga na lori, na kila mpita njia anamwambia ni yeye aliyeleta vidudu. Simkatazi.

28 Machi

Mvua zinakwisha. Mama amehamia. Huku juu maji hayafiki, hayajawahi kufika.

Jioni Ndaya amekuja mezani kwangu, amekaa, akafumba ngumi, akafumbua, kama mama yake.

"Anauliza nini?" nikasema.

"Haulizi. Anaomba taa yake."